Kidole Kimoja cha Ardhi: Maisha, Mali na Safari katika Kijiji cha Milimani, Kisiwa cha Flores

Utangulizi

Mwalimu akiwapa wanafunzi wake karatasi yenye umbo la duara na kuwataka waigawe kwa haki, bila shaka wengi wataweka ncha ya bikari katikati, kisha watakata vipande kama vya mkate wa kumimina. Kwenye karatasi kazi hiyo ni nyepesi. Lakini je, duara hilo likiwa ni shamba la hekta tatu milimani, bila ramani wala mpima ardhi, na wagawiwa wakiwa ni jamaa ambao hawana budi kuendelea kuishi pamoja maisha yao yote, kazi hiyo itafanywaje?

Wamanggarai, watu wa upande wa magharibi wa kisiwa cha Flores nchini Indonesia, walipata jibu lao zamani sana. Walipima ardhi kwa vidole vya mkono.

Katika makala haya tutachunguza maisha, mali na safari katika milima ya Manggarai. Kwa habari ya nyumba na njia tutatumia mfano wa kijiji kimoja cha mbali kiitwacho Wae Rebo. Kwa habari ya mashamba tutatazama desturi ya Wamanggarai kwa jumla. Shabaha yetu ni kuonyesha jambo moja: kanuni za mali za jamii hazizuki ovyo, bali hufuatana na mimea inayolimwa na njia zinazopitwa. Mmea ukibadilika, kanuni nayo hutikisika, na hapo ndipo yanapoanza maswali mazito ya haki.

Mahali na hali ya hewa

Indonesia ni nchi ya visiwa zaidi ya 17,000. Flores ni kimoja katika mlolongo wa visiwa ulio mashariki ya Java na Bali, kati ya latitudo 8 na 9 kusini mwa Ikweta. Ni kisiwa kirefu na chembamba, chenye milima mingi na volkeno kadhaa zilizo hai. Mji mkubwa wa nyanda za juu za Manggarai ni Ruteng. Si mbali na mji huo lipo pango la Liang Bua, ambamo mwaka 2003 wachunguzi walifukua mifupa ya jamii ya watu wafupi sana wa kale. Mwaka 2004 jamii hiyo ilitangazwa kwa jina la kitaalamu la Homo floresiensis.

Majira ya Flores hutawaliwa na pepo za misimu. Tangu mwezi wa Novemba au Desemba mpaka Machi au Aprili, upepo wa kaskazi-magharibi huleta mvua. Baada ya hapo huvuma upepo wa kusini-mashariki kutoka upande wa Australia, nao ni mkavu. Lakini milimani mawingu hukwama kwenye vilele, hivyo ukavu wa pwani haufiki huko kwa ukali uleule.

Jambo la pili linalotawala maisha ya huko ni kimo. Wanafunzi wanajua kwamba hewa hupoa kadiri mtu apandavyo juu: kwa wastani digrii 6.5 za sentigredi kwa kila mita 1,000. Wae Rebo ipo kwenye kimo cha mita 1,100 hivi. Tukichukua wastani wa digrii 27 pwani, basi kijijini tutatazamia digrii 27 kutoa 7, yaani 20 hivi. Usiku hupungua zaidi, na asubuhi ukungu hulifunika bonde zima. Mpunga katika baridi ya namna hiyo hukawia kukomaa na huzaa kidogo. Mikahawa, kwa upande wake, hustawi. Ndiyo sababu wenyeji hulima kahawa ya kuuza, na kwa chakula hupanda mihogo, magimbi na mboga. Wali wanaokula hutokana na mchele uliopandishwa mlima kutoka chini.

Nyumba: ghala la orofa tano

Wae Rebo ina nyumba saba za msonge zilizopangwa kuuzunguka uwanja wa nyasi. Katikati ya uwanja lipo jukwaa la mawe liitwalo compang, mahali pa ibada za mababu. Kila nyumba huitwa mbaru niang, na paa lake hushuka kutoka kileleni mpaka karibu na ardhi, hata mtazamaji wa mbali hudhani kwamba hakuna kuta. Nyumba kuu inakaribia mita 15 kwenda juu. Nguzo ni za miti migumu, paa ni la mianzi, na viungo vyote hufungwa kwa henzirani bila msumari hata mmoja. Huezekwa kwa nyasi pamoja na nyuzi nyeusi za mti wa jamii ya minazi ambao hutoa pia tembo na sukari.

Kwa nini umbo la pia? Kwanza, mteremko wake mkali huyamwaga maji ya mvua upesi kabla hayajapenya nyasi. Pili, upepo hupita pembeni mwake, kwa maana hakuna ukuta bapa wa kuusukuma. Tatu, viungo vya kamba hunesa kidogo bila kukatika, na hilo ni jambo la faida katika nchi ya matetemeko ya ardhi.

Ndani mna orofa tano, na mpango wake ni somo la uwekaji wa akiba. Orofa ya chini, lutur, ni ya watu kukaa, kulala na kupika. Ya pili, lobo, ni ya chakula na vitu vya matumizi ya kila siku. Ya tatu, lentar, ni ya mbegu za msimu ujao. Ya nne, lempa rae, ni ya akiba ya chakula endapo ukame utaharibu mavuno. Ya tano, hekang kode, huwekwa sadaka za mababu. Msomaji ataona kwamba kadiri kitu kinavyohitajiwa kwa nadra, ndivyo kinavyowekwa juu zaidi. Cha leo kipo karibu na mkono. Cha mwakani kipo juu ya kichwa. Na cha siku ya njaa kipo mahali ambapo mlafi hakifikii kwa urahisi.

Mafiga yapo ndani ya nyumba, wala hakuna dohani. Moshi hupanda kupitia orofa zote na kutoka polepole katikati ya nyasi. Joto lake hukausha mbegu, na mbegu kavu haioti ukungu wala haichipui kabla ya wakati wake. Vilevile moshi hufukuza wadudu na kuyapa mapaa umri mrefu. Lakini sayansi hutulazimisha kutaja na upande wa pili: moshi huo huo huingia katika mapafu ya mama mpishi na ya watoto, na madhara yake yanajulikana. Kinachoihifadhi nyumba si lazima kimhifadhi mwenye nyumba.

Nyumba kuu ni ya familia nane, na nyingine ni za familia sita. Hakuna mtu mmoja awezaye kusema, "Nyumba hii ni mali yangu, nitaiuza." Nyumba ni mali ya ukoo, nayo nyumba kuu, ambamo hutundikwa ngoma na magongo ya shaba, ni alama ya kijiji chote.

Mali ya namna hii ina hatari yake. Ikiwa kizazi kimoja hakikujenga, ujuzi hufa pamoja na wazee. Mnamo mwaka 2008 kikundi cha wasanifu majengo wa Indonesia kilipofika Wae Rebo, zilikuwa zimesalia nyumba nne tu kati ya saba. Kwa msaada uliokusanywa nchini mwao, wanakijiji wenyewe walizijenga upya nyumba zao kwa mkono, vijana wakijifunza kwa wazee, na kazi ikakamilika mwaka 2011. Mwaka 2012 kazi hiyo ilipewa tuzo ya juu ya UNESCO ya hifadhi ya urithi katika eneo la Asia na Pasifiki. Funzo lililopo ni kwamba urithi haukuwa nguzo na nyasi, maana hizo huoza na kubadilishwa. Urithi ulikuwa ni ujuzi wa kufunga fundo.

Safari: njia ya miguu na uzito wa mzigo

Hakuna barabara ya gari inayofika Wae Rebo. Msafiri huondoka katika kijiji cha Denge kilicho chini, huvuka mito midogo na kupita msituni. Zamani mwendo huo ulichukua saa tatu mpaka nne. Baadaye barabara ilisogezwa mbele kidogo, ikapunguza sehemu ya safari, lakini mpando mkali wa msituni ungali wa miguu. Wakati wa mvua njia huteleza, na ruba hushika miguu ya wapitao. Familia za Wae Rebo zina makazi mengine huko chini, mahali paitwapo Kombo, ambako watoto huishi ili wapate kwenda shule. Hivyo maisha ya familia moja hugawanyika sehemu mbili, na njia ndiyo uzi unaoziunganisha.

Mahali ambapo kila kitu hubebwa na binadamu, swali la kwanza juu ya mazao si "Ni kiasi gani kimevunwa?" bali "Kilo moja ina thamani gani?" Tufanye hesabu. Tuseme mtu mwenye uzito wa kilo 60 amebeba mzigo wa kilo 25. Kwa kila mita 100 anazopanda, kazi inayofanywa dhidi ya mvutano wa dunia ni kilo 85 mara 9.8 mara mita 100, yaani jouli 83,300. Hizo ni sawa na kilokalori 20 hivi. Lakini misuli hugeuza takriban robo tu ya nguvu za chakula kuwa kazi. Zilizobaki hutoka kama joto, na ndiyo maana mchukuzi hutoka jasho hata katika baridi. Kwa hiyo kila mita 100 za mpando humgharimu kilokalori 80 hivi. Mtu anayebeba mihogo kwenda kuiuza mbali hula sehemu ya faida yake njiani.

Kahawa hutoa njia ya kutoka katika tatizo hilo. Matunda mabivu ya kahawa yana maji mengi, maganda na ute. Yakisha kumenywa, kuoshwa, kuanikwa na kukobolewa, kilo tano au sita za matunda hubaki kilo moja tu ya buni kavu. Mkulima anayefanya kazi hiyo kijijini hupunguza mzigo wake mpaka sehemu ya tano au ya sita, wakati huohuo akiongeza thamani ya kila kilo. Kinu na mchi, basi, ni vyombo vya usafirishaji kama vile lori lilivyo chombo cha usafirishaji. Kila mfuko wa buni unaoshuka mlima humaanisha mchele, chumvi, sabuni na karo zinazopanda.

Katika miaka ya karibuni njia hiyo imeleta pia wageni wa kutazama nyumba za msonge. Wageni hupokelewa kwanza kwa ibada fupi katika nyumba kuu, kisha hulala katika nyumba waliyotengewa, na shughuli hiyo huendeshwa na wanakijiji kwa pamoja. Huu ni mfano wa mali mpya ambayo imepokelewa kwa kanuni ya zamani: kwa kuwa kinachotazamwa ni cha wote, malipo nayo hayawezi kuwa ya mmoja.

Ardhi: jiometri ya vidole

Sasa tutoke kijijini twende shambani. Wamanggarai wana msemo wao: "Gendang one, lingko pe'ang", maana yake, nyumba ya ngoma ndani, shamba nje. Msemo huo unafungamanisha mambo mawili: ardhi ni ya wale ambao nyumba ya ngoma ni yao, na mtu asiye na mahali katika nyumba hana mgawo shambani. Mkuu wa kijiji huitwa tu'a golo, na mzee mwenye dhamana ya kugawa ardhi huitwa tu'a teno.

Lingko ni konde kubwa la kijiji lililogawanywa kwa umbo la utando wa buibui. Katikati yake, mahali paitwapo lodok, tu'a teno husimika kigingi cha mti baada ya kutoa sadaka. Kuzunguka kigingi hicho huchorwa duara dogo, na juu ya duara hilo kila familia hupimiwa mgawo wake, uitwao moso, kwa upana wa vidole. Kutoka kila alama huvutwa mstari ulionyooka mpaka mpaka wa nje, uitwao cicing. Familia kubwa na wazee wenye dhamana hupata vidole vingi zaidi.

Tuone hesabu iliyojificha humo. Tuchukue mfano wa duara dogo lenye nusu kipenyo cha sentimita 50. Mzingo wake ni 2 mara 3.14 mara 50, yaani sentimita 314. Upana wa kidole ukiwa sentimita 2, duara hilo lina vidole 157. Tuseme konde lote lina nusu kipenyo cha mita 100. Mzingo wa nje ni mita 628, nazo zikigawanywa kwa 157 tunapata mita 4. Maana yake, kidole kimoja katikati ni mita nne ukingoni. Eneo la konde lote ni 3.14 mara 100 mara 100, yaani mita za mraba 31,400, kwa hiyo kila kidole ni mita za mraba 200. Familia iliyopewa vidole vinne itakuwa na kipande chenye upana wa mita 16 ukingoni na eneo la mita za mraba 800. Mwanafunzi anaweza kuhakikisha kwa njia ya pembetatu: nusu ya kitako mara kimo, yaani nusu ya 16 mara 100, ni 800.

Hapa ipo faida kubwa ya kitaalamu. Kupima mita 628 za ukingo katika mawe na vichaka ni kazi ya siku nyingi na chanzo cha ugomvi. Kupima sentimita 314 ni kazi ya mzee mmoja aliyechutama, huku kijiji kizima kikimtazama. Pembe ni ileile karibu na mbali, hivyo mgawo mdogo wa katikati hujikuza wenyewe mpaka ukingoni. Aidha, mstari unaotoka kwenye kigingi ni mgumu kuibiwa. Mtu akisogeza mpaka wake ukingoni, yeyote asimamaye katikati atauona umepinda. Na akitaka kuusogeza ubaki umenyooka, itambidi aibe kidole penye kitovu, mahali ambapo migawo yote hukutana na macho ya wote hupita. Kadhalika mipaka yote huishia mahali pamoja, kwa hiyo hakuna mtu aliyetupwa pembeni.

Hata hivyo njia hii si timilifu. Vidole hupima pembe, havipimi urefu. Eneo la kipande hukua kwa mraba wa urefu wake: kipande kinachofika mita 120 badala ya 100 kina eneo mara 1.44, yaani kidole chake ni mita za mraba 288 badala ya 200. Tena upande mmoja wa konde huenda una udongo mweusi wa rutuba, na mwingine una mawe. Ndiyo sababu mgawaji hakuwa mashine ya kupimia bali mzee mwenye kuijua ardhi na kuwajua watu.

Mmea unapodumu kuliko mgawo

Desturi hiyo ilizaliwa pamoja na kilimo cha kuhamahama. Msitu ulifyekwa, ukachomwa, majivu yakarutubisha udongo, na mpunga wa nchi kavu au mahindi yakapandwa. Baada ya misimu michache rutuba ilipungua, konde likaachwa lipumzike kwa miaka mingi, na kijiji kikafungua konde jingine. Konde la kwanza lilipofunguliwa tena, lingeweza kugawanywa upya kulingana na hali ya wakati huo: aliyekuwa kijana asiye na mke sasa ana watoto watano, na mzee fulani amekwisha kufariki. Mahindi huvunwa baada ya miezi michache, kisha hayadai kitu tena juu ya ardhi. Kwa kuwa mmea ulikuwa wa muda, na haki ya mtu juu ya kipande ilikuwa ya muda. Konde lenyewe lilikuwa la kijiji daima.

Katika karne ya 20 mambo mawili yaliugeuza mpango huo. La kwanza ni kahawa. Mkahawa huanza kuzaa baada ya miaka mitatu au minne, na huendelea kwa makumi ya miaka. Aliyeupanda hawezi kukubali kipande chake kigawanywe upya, kwa maana jasho lake bado limesimama ardhini. Jambo la pili ni mpunga wa majaruba. Anayejenga matuta na mifereji hujenga kitu cha kudumu. Huko Cancar, karibu na Ruteng, makonde ya duara yamekuwa majaruba, na mtu akiyatazama kutoka kilimani huona utando wa buibui mkubwa sana: mistari ya mgawo inatoka kitovuni, na matuta ya maji yanaikata kwa kupita. Umbo ni la kale, lakini mgawo umeganda. Uliokuwa mkopo wa kijiji umekuwa urithi wa baba kwa mwana.

Hapo hesabu yetu inageuka kuwa chungu. Mtu mwenye vidole vinne ana wana wanne. Kila mwana anapata kidole kimoja: mita nne ukingoni, mita mbili katikati ya njia, na karibu na kitovu hakuna hata nafasi ya kugeuza jembe. Kila mmoja wao akipata wana wawili, mjukuu anarithi nusu kidole, yaani mita za mraba 100. Pembe haijui kujitanua. Zamani vijana walipozidi, kijiji kilifungua konde jipya. Leo nchi tupu imekwisha, na kijana asiye na kidole huifuata barabara kwenda kutafuta kazi mjini au ng'ambo.

Zaidi ya hayo, desturi haikuhesabu watu wote sawa. Wamanggarai hufuata ukoo wa baba. Wana wa kiume huitwa ata one, "watu wa ndani", kwa kuwa hubaki nyumbani. Mabinti huitwa ata pe'ang, "watu wa nje", kwa kuwa huolewa kwingine. Na kwa kawaida hawarithi ardhi, ijapokuwa baba anaweza kumpa binti yake kipande kwa hisani. Duara lililoonekana kuwa la haki kamili lilikuwa limekwisha kuacha nusu ya watoto nje ya mzingo. Swali hili si la Manggarai peke yake. Mwaka 1961 Mahakama ya Juu ya Indonesia, katika shauri lililohusu Wakaro wa Sumatra, iliamua kwamba binti anastahili urithi kama mwana. Lakini hukumu ya mahakama na desturi ya mlimani hazitembei kwa mwendo mmoja.

Desturi na sheria ya nchi

Sheria ya ardhi ya Indonesia ya mwaka 1960 iliitambua desturi, kwa sharti kwamba isipingane na maslahi ya taifa. Sharti hilo ni jepesi kuandika na gumu kutekeleza. Huko Manggarai wakulima walikuwa wamepanda mikahawa katika maeneo ambayo wao waliyahesabu kuwa ya mababu zao, na serikali iliyahesabu kuwa msitu wa hifadhi. Katika miaka ya mwanzo ya 2000 serikali ya wilaya iliikata mikahawa hiyo. Tarehe 10 Machi, 2004, wakulima waliokwenda Ruteng kulalamika walifyatuliwa risasi na polisi, na baadhi yao wakapoteza maisha.

Tusiliharakishe jambo hili kwa kumpa upande mmoja haki yote. Misitu ya milimani hulinda chemchemi zinazonywesha mabonde, na kulima kila mteremko ni kujikatia maji. Lakini mpaka uliochorwa ramani ofisini, bila ya kuwauliza wanaokaa kandokando yake, hauna kitovu ambacho wote wanaweza kusimama na kuona kama umenyooka. Mwaka 2013 Mahakama ya Katiba ya Indonesia iliamua kwamba misitu ya jamii za kimila si misitu ya serikali. Hata hivyo jamii haina budi kutambuliwa rasmi kwanza ndipo ipate haki hiyo, na kazi hiyo huenda polepole.

Hitimisho

Tumeona kwamba nyumba, njia na konde ni mambo matatu ya mfumo mmoja. Nyumba iliamua nani ni mwenyeji. Njia iliamua zao gani linastahili kubebwa. Konde la duara lilikuwa na maana maadamu mmea ulikuwa wa msimu na ardhi ilikuwa ya kutosha. Kahawa, ambayo iliwapa watu wa milimani fedha na elimu, ndiyo hiyohiyo iliyoufanya mgawo uache kurudi kwa mgawaji. Hakuna aliyeivunja desturi kwa makusudi. Ilibadilika mti mmoja baada ya mwingine.

Mwanafunzi asiseme kwamba wazee wa Manggarai hawakujua hesabu kwa kuwa hawakuiandika. Wala asidhani kwamba jambo likiwa la kale limekwisha kuwa la haki. Lililo la kudumu katika desturi yao si kigingi wala kidole. Ni kwamba kipimo kiliwekwa mbele ya macho ya wote, kwa chombo ambacho kila mmoja anacho mkononi mwake.

Maswali na mazoezi

1. Chora duara lenye nusu kipenyo cha sentimita 10 liwe mfano wa lingko. Ligawe kwa familia sita zenye watu 2, 3, 4, 5, 6 na 10, kila familia ikipata pembe kulingana na idadi ya watu wake. Tafuta eneo la kila kipande.

2. Konde lina nusu kipenyo cha mita 80. Duara dogo la katikati lina nusu kipenyo cha sentimita 40. Kidole cha sentimita 2 kitakuwa na upana gani ukingoni? Linganisha jibu lako na mfano uliomo katika makala, kisha eleza kwa nini majibu yanafanana.

3. Kijiji kipo kwenye kimo cha mita 1,800. Ikiwa wastani wa joto pwani ni digrii 28, tafuta wastani wa joto kijijini.

4. Familia imevuna kilo 300 za matunda ya kahawa. Ikiwa kilo sita za matunda hutoa kilo moja ya buni, na mchukuzi mmoja hubeba kilo 25, ni safari ngapi zitaokolewa kwa kuikoboa kahawa kijijini?

5. Jadilini darasani: baba ana vidole vinne, wana wawili na mabinti wawili. Pendekezeni mgawo, kisha kila kundi lieleze nani atanufaika, nani ataumia, na konde litakuwaje baada ya vizazi viwili.